Poda Iliyomwagwa Mapema

Katika chuo chetu hapa Kolwezi, kabla hujatetea kazi yako ya mwisho wa masomo, unaenda kwanza kuuliza juri, wale walimu watakaokupima, inakula nini. Hakuna aliyeliandika jambo hilo mahali popote. Unasimama tu mlangoni kwa sekretari, mikono nyuma, naye anakutajia bila hata kuinua macho: kuku awe wa kijiji na si wa friji, samaki awepo, bukari, ugali wetu, iwe laini, sombe ya majani ya muhogo isiwe na mchanga, bia iwe baridi kwa sababu maprofesa hawapendi ya vuguvugu. Mi nilisomea uhasibu na kodi. Miaka yote ile walinifundisha kwamba kitu hakitoki bila sababu yake na karatasi yake, basi siku ile nikamuuliza sekretari huyo kuku wa kijiji tumwandike kwenye akaunti gani. Hakucheka. Aliniambia wasichana wenye mdomo kama wangu wanachelewa kuolewa, kisha akaongeza maji ya chupa juu ya vile alivyokuwa ametaja.

Nieleze vizuri, maana watu wa mbali wakisikia hivi wanafikiri tunawasingizia walimu wetu. Familia za wanafunzi wanaotetea siku moja wanapatana. Kina mama wanafika asubuhi na majiko ya makala, yaani makaa, wanapika nyuma ya oditwari, ule ukumbi wetu mkubwa wa masomo, na moshi unaingia kwa madirisha wakati mtoto wao yuko ndani anaeleza mizania. Juri wanakula wakimaliza kutoa matokeo. Ukiuliza, unaambiwa ni desturi, ni heshima, ni kuwashukuru walimu. Mi sikatai kumshukuru mwalimu. Lakini shukrani gani hiyo ambayo mwenye kushukuriwa anakutajia mapema aina ya samaki? Niliuliza hivyo mbele ya wenzangu, wakaniambia ninyamaze, nisiwaharibie.

Masomo yenyewe niliyachagua kwa hasira, sitaficha. Sisi tunakaa Tenke, mji wa reli, na mama yangu alitulea kwa kukaanga mikate karibu na gare, stesheni ya treni, baada ya baba kufa. Kila mtu mwenye kofia aliyepita pale alikuwa na jambo la kumwambia mama: leo kuna kodi ya usafi, kesho ya meza, kesho kutwa ya moshi. Moshi! Mama alikuwa anawasikiliza na kichwa chini, anasema ndiyo tata, ndiyo tata, kama anayemjibu baba yake. Nikiwa msichana mdogo nilijiapia kwamba nitasoma sheria ya hizo kodi mpaka niijue kuliko wenye kofia, na hakuna atakayemwinamisha tena mama yangu kichwa. Ndiyo sababu wengine walipokimbilia udaktari na sheria, mi nikaenda Kolwezi kuandikishwa uhasibu na kodi.

Tulikuwa wengi mno. Wa mbele waliketi kwenye mabenchi, wa nyuma kwenye madirisha, na wale wa mlangoni waliandika yale waliyoambiwa na wa madirishani. Mwalimu anasoma kwa Kifaransa, sisi tunafasiriana kwa Kiswahili akigeuka ubaoni. Debi na kredi zilinisumbua mpaka siku nilipozifikiria kwa mikate ya mama: unga umetoka kwenye gunia, umeingia kwenye beseni, basi beseni limepokea, ni debi, gunia limetoa, ni kredi, na hakuna hata kijiko kinachopotea njiani. Tangu hapo nilizipenda. Kweli nilizipenda. Kuna raha fulani ukipanga hesabu usiku na mchana halafu pande mbili zikalingana, raha ambayo watu wanaosema uhasibu ni kazi ya kuchosha hawajawahi kuionja.

Lakini walitufanyia mambo. Somo la kompyuta tulilisoma kwa chaki. Mwalimu alichora kibodi ubaoni, herufi kwa herufi, na sisi tukainakili kwenye madaftari, tukafanyiwa mtihani juu ya vitufe ambavyo wengi wetu hatukuwa tumevigusa. Umeme haukuwepo. Nyaya zake zilipita juu ya paa letu zikienda kule Mashamba na kwenye mashimo mengine ya shaba, tulikuwa tunaziona vizuri kabisa kupitia dirishani. Na maprofesa wakubwa walikuwa wanatoka Lubumbashi. Somo la muhula mzima mtu analimwaga kwa wiki moja, kuanzia asubuhi mpaka jua linazama, kwa sababu wiki ijayo anangojewa katika chuo kingine. Vidole vinakufa ganzi. Ukiuliza swali, anakutazama kama umemkanyaga.

Mmoja wao hakuwa hivyo, na ndiye nitakayemsema sana hapa. Alitufundisha sheria ya kodi. Alikuwa kijana bado, shati limenyooshwa, sauti nzuri, na alijua kueleza. Alikuwa anagonga meza na kusema hakuna kodi bila sheria, hata Rais mwenyewe hawezi kuamka asubuhi akakutoza kitu ambacho sheria haijakitaja. Mi nilikuwa nimeketi benchi ya mbele, nikasikia kama ananisemea mimi, mama yangu na gare yote ya Tenke. Nilimheshimu mtu yule. Nilikuwa nasoma kurasa alizotupa mpaka nikazijua bila kutazama, na wenzangu walikuwa wanacheka wanasema nimeolewa na fiskalité, hilo somo la kodi.

Mwaka wa mwisho nilienda staji, mafunzo ya kazini, Fungurume, kwenye depo ya makamyo yanayobeba shaba. Wanafunzi wengine wakienda staji wanatumwa chai na kopi. Mi nilikuwa na bahati, mhasibu mkuu alikuwa mwanamke, mama mmoja mkali asiyependa kumwona mtu amekaa bure, akanitupia faili za matairi. Hapo ndipo nilipopata mada ya kazi yangu ya mwisho wa masomo, ile tunayoiita TFC. Kitabu kinasema tairi linalokuja na gari ni sehemu ya gari, thamani yake inapungua pole pole pamoja na gari, mwaka kwa mwaka. Kitabu hicho kiliandikwa na mtu ambaye hajawahi kupita njia ya Fungurume. Kwetu tairi halimalizi msimu wa mvua. Basi depo inanunua mengine pembeni ya njia, kwa wauzaji ambao hawana fakture, ankara ya sheria, na mkaguzi wa kodi akija anakataa kuyahesabu kama gharama. Kwenye karatasi depo inaonekana imepata faida, inatozwa kodi ya faida hiyo, wakati faida yenyewe imepasukia huko mlimani.

Wenzangu waliandika juu ya madini na maendeleo ya jimbo, vichwa vya habari vyenye mistari mitatu. Mimi matairi. Walinipa jina la Mama Matairi, nami nikalipokea, liwe basi. Nilijua nimeshika kitu cha kweli. Yule mama mhasibu alipoisoma, hakunisifu, hakuwa mtu wa kusifu. Aliniambia kuna nafasi ya msaidizi wake, anataka kunipa mimi, ila mkubwa wa depo ana mpwa wake anayeitaka. "Uniletee attestation mbele ya mwezi kuisha," aliniambia. "Ukichelewa, mi sitakuwa na neno ya kusema." Attestation ni ile karatasi ya chuo inayosema umefaulu. Na ili niipate kabla ya mwezi kwisha, ilibidi nifaulu kwenye juri ya kwanza. Sesioni ya pili, ya wanaorudia, ilikuwa mbali, huko mpwa angekuwa ameshanenepa kwenye kiti changu.

Siku ya kutetea ikafika. Msimamizi wa kazi yangu, assistant, mwalimu msaidizi mmoja mpole aliyenisaidia sana kuinyoosha, aliniambia kwa furaha kwamba rais wa juri atakuwa yule Profesa wangu wa sheria ya kodi. Nilifurahi kuliko yeye. Nilikuwa sina wasiwasi na juri, wasiwasi wangu ulikuwa mama. Alikuwa aje kutoka Tenke na dada yake, mama mkubwa wangu, na wanawake wengine wa kanisa, wamebeba kuku na samaki zetu. Makamyo yalikuwa yameziba njia tangu alfajiri, moja limelala katikati na mzigo wake, na wao wamekaa ndani ya gari hawaendi mbele wala nyuma. Familia za wenzangu walikuwa wameshawasha makala. Mi nikaingia ndani bila hata mtu mmoja wangu pale nje.

Sasa muelewe mpango ulivyo, maana kila kitu kinatoka hapo. Unaingia, unaeleza kazi yako, juri wanakuuliza maswali. Wakimaliza wanakutoa nje kidogo, wanafunga mlango, wanakata shauri. Kisha wanakuita tena, unasimama, rais anasoma matokeo mbele ya watu wote. Hapo tu ndipo unapotoka umefaulu, na familia wanakumwagia poda kichwani, wanatandika vikwembe, vitenge vyao, chini upite juu yake, wanaimba. Poda ni baada ya matokeo. Mtu aliyefika asubuhi akaona wa kwanza na wa pili wakitoka, anajua. Mtu aliyefika amechelewa hajui.

Ndani nilisema vizuri. Sioni haya kujisifu. Profesa aliniuliza swali moja gumu, kama ninaona kodi inaweza kukubali gharama isiyo na fakture bila kufungulia wezi mlango, nami nikamjibu kwa sheria yake mwenyewe aliyotufundisha, kipengele kwa kipengele, nikaonyesha jinsi depo inavyoweza kumwandikia muuzaji hati ya ununuzi yenye jina na sahihi yake. Alitabasamu. Aliwageukia wenzake akasema kwa Kifaransa kwamba hatimaye mtu amemletea kitu kinachonuka njia na siyo kitabu. Watu wakacheka, mi pia nikacheka. Wakaniambia nitoke, nikatoka na kicheko hicho usoni.

Na hapo hapo mama na wenzake walikuwa wanashuka garini. Mavumbi mpaka kwenye nyusi, wamechoka, wameogopa kwamba wamekosa yote. Wakaniona natoka mlango wa oditwari ninacheka. Mngefanya nini? Mama mkubwa alipiga kigelegele kimoja tu, akakimbia, akafungua kopo la poda akalimwaga lote kichwani pangu. Wengine wakafuata na ya kwao. Niliinua mikono kuwazuia, nikafungua mdomo kusema bado, bado, poda ikaniingia kooni nikaanza kukohoa. Wakafikiri ninalia kwa furaha. Vikwembe vikatandikwa, wimbo ukaanza, na mama yangu, ambaye sikuwahi kumwona akicheza tangu baba afe, alikuwa anacheza pale na viatu mkononi.

Mlango ukafunguliwa. Profesa alisimama pale na wale wengine wawili wa juri nyuma yake, msimamizi wangu mmoja wao. Alitazama vikwembe, akanitazama mimi niliyekuwa mweupe kama mtu aliyeanguka kwenye gunia la unga, akangoja wimbo ukatike wenyewe. Ukakatika. Alisema bila kupandisha sauti:

"Mulishaka kumupa pointi benyewe. Sasa shiye tubakie na kazi gani hapa?"

Akarudi ndani, akaketi. Tukaitwa. Mbele ya watu wote alisema chuo si soko, juri si kina mama wa kanisa, na mwanafunzi ambaye watu wake wanajitangazia matokeo kabla ya juri ameidharau juri. Kazi ni nzuri, alisema, lakini nirudi sesioni ya pili nikajifunze kungojea. Nilimtazama msimamizi wangu. Alikuwa anapanga kalamu zake mezani, moja kando ya nyingine.

Mimi damu ilinipanda. Mama Matairi, mwenye mdomo. Nikamuuliza Profesa kwa heshima, ndiyo, kwa heshima lakini kwa sauti, ni artikle gani ya kanuni za chuo inayotaja poda. Nikasema yeye ndiye aliyetufundisha kwamba mtu hatozwi wala haadhibiwi kwa jambo ambalo sheria haijalitaja. Nilifikiri, kwa ujinga wangu, kwamba atafurahi, kwamba nimemjibu kama mwanafunzi wake. Uso wake ulifungika. Alisema polepole kwamba sasa kila mtu ameona mwenyewe batoto ba leo walivyo, akafungua kalamu.

Nilikuwa nauona mwezi unaisha. Nilikuwa nakiona kiti cha Fungurume na mpwa juu yake. Lakini sikuwa nimeogopa bado, nilikuwa na hasira tu, na nilikuwa natafuta maneno mengine ya kumwambia, nilipomsikia mama akipita kando yangu.

Sisi asili yetu ni kaskazini ya Katanga, na kwetu mwanamke kupiga magoti si aibu. Mama anampigia magoti shemeji yake mkubwa akimpa maji, mi mwenyewe namsalimia mama mkubwa hivyo hivyo na sioni kitu. Unapiga goti kwa aliyekutangulia kuzaliwa, kwa mkwe, kwa mwenye kiti cha ukoo. Yule Profesa angeweza kuwa mtoto wa mama yangu. Kitinda mimba wake, hata. Na mama akaenda mpaka mbele ya meza ya juri, akaviweka viatu vyake chini, akapiga magoti yote mawili juu ya sementi, mikono pamoja, mavumbi ya njia bado miguuni.

"Tata Profesa," alisema, "kosa haiko ya mutoto. Ni yangu mi na dada yangu. Shiye ni bantu ba Tenke, tulichelewa, hatukujua mipango ya hapa. Minakuomba."

Nilikwenda nikamshika mkono nimwinue. Alikuwa mzito ghafla, alikuwa amejikaza. Nikavuta. Sikutaka hiyo diploma tena, nawaambia kweli, wakati ule ningewapa na matairi yao yote. Mama hakuniangalia hata. Alisema chini chini, ili mimi tu nisikie:

"Uniache. Wewe ulishaka kufanya kazi yako. Hii njo yangu."

Nikamwachia. Na Profesa, niseme nini juu ya mtu huyo? Hakumwinua mara moja. Mama yuko magotini, yeye akageuka upande wa wanafunzi, akaanza kutufundisha heshima. Alisema tumtazame mama huyu, hajasoma, lakini anajua kitu ambacho sisi na makaratasi yetu tumekisahau. Alisema maneno mazuri, sauti ile ile nzuri ya kugonga meza. Watu walikuwa wanatikisa vichwa, wengine walipiga makofi. Ndipo akasema, "Mama, simama, simama," mara mbili, bila kutoka kwenye kiti chake. Mama akasimama kwa kushika meza kwa sababu goti moja lilikuwa limemkataa. Profesa akasema juri imesamehe, akasoma: distinction, lile daraja la juu.

Wanawake wakaimba tena, lakini poda ilikuwa imekwisha kwenye makopo, wakapiga makofi tu. Kisha chakula kikaenda. Mama mwenyewe alimnawisha Profesa mikono, kwa jagi na beseni. Nilimsikia Profesa akisifu kuku, akisema huyu kweli ni wa kijiji. Nikaenda nyuma ya oditwari nikaosha nywele kwa maji ya kupikia, nikakataa kula, mama mkubwa akanigombeza kwamba nina roho mbaya, siku ya furaha kama hii.

Attestation niliipeleka Fungurume kabla ya mwezi kuisha. Yule mama mhasibu aliisoma, akaniambia nianze Jumatatu, na mpwa akatafutiwa kitu kingine. Nina meza, nina kompyuta yenye vitufe vya kweli, na ile hati ya ununuzi niliyoieleza kwenye kazi yangu depo inaitumia mpaka leo. Hesabu zangu zinalingana. Kama mambo yangeishia hapo, pengine ningekuwa nimepoa.

Yule msimamizi wangu alikuja depo mwaka uliofuata kumwombea staji mwanafunzi wake mmoja. Nikamnunulia soda, tukakaa kwenye kivuli cha makamyo, tukazungumza ya zamani. Alikuwa na furaha kuniona nimefika mahali. Akaanza kucheka mwenyewe, akaniambia nilivyokuwa mweupe siku ile hatasahau. Kisha akasema, bila kufikiri, kama mtu anayesimulia kichekesho, kwamba distinction yangu walikuwa wameshaiandika na kuitia sahihi wote watatu kabla mlango haujafunguliwa. Profesa alikuwa ananichezesha tu. Alitaka nitetemeke kidogo, kisha aisome. Mama alipopiga magoti, yeye mwenyewe alishangaa, lakini ikawa nzuri, akaendelea.

Nilimuuliza kwa nini yeye alinyamaza. Mama yuko chini, wewe unajua pointi zimeandikwa, unapanga kalamu.

Akaacha kucheka. "Mbele ya Profesa?" alisema. "Mi teze yangu iko mikononi mwake."

Teze ni ile kazi ya shahada yake ya udaktari, alikuwa anaiandika chini ya Profesa huyo huyo. Niliona kwamba anataka nimhurumie, na pengine anastahili, lakini huruma haikuja. Nilimwambia amalize soda yake aende. Mwanafunzi wake nilimchukua, msichana yule hakuwa amenikosea kitu. Kisha nikaingia ndani, nikakaa mbele ya hesabu za mafuta, na sikuweza kujumlisha chochote mpaka jioni. Kwa kitu chetu wenyewe. Mama alikuwa amepiga magoti kwa ajili ya kitu ambacho kilikuwa chetu tayari, kimekaa mezani, kimefunikwa na mkono wa mtu anayejua sheria.

Sikumwambia mama. Ningemwambiaje? Kule Tenke ile hadithi imekuwa ya kwake. Anaisimulia kanisani, anaisimulia kwenye mikate, akifika mahali pa magoti anainua kikwembe kidogo aonyeshe goti lile lililokataa. Anasema mwanangu alisoma, lakini diploma niliileta mi na haya magoti. Watu wanasema amina. Nami nikiwepo ninakaa pale na meno nimeyabana, matairi yangu, sheria yangu, benchi niliyoketi, debi na kredi, vyote vimefutika, imebaki sementi.

Halafu mwezi uliopita nikaenda kumtembelea, nikamkuta ananyoosha kikwembe chake kizuri asubuhi na mapema, kuku wawili wamefungwa miguu mlangoni. Nikamuuliza kuna nini. Akaniambia, kwa fahari, kwamba binti wa jirani anatetea kazi yake leo kule Kolwezi, uhasibu na kodi kama mimi, na mama yake amemwomba aende naye. Si wa kwanza. Amekwenda kwa mwingine pia, mi nikiwa Fungurume sijui kitu. Wanawake wa Tenke wanamwita mama yangu akapige magoti kwa ajili ya watoto wao mbele ya juri, kwa sababu magoti yake yanasikilizwa. Na hawangoji tena mtu akasirike, wanapiga magoti mapema kabisa, juri wakiingia tu.

Hapo nikashindwa. Nilimwambia yote, nimesimama pale pale, sikumkalisha hata. Nilimwambia pointi zangu zilikuwa zimeandikwa na kutiwa sahihi, kwamba yule mtu alikuwa anacheza, kwamba alimwacha chini makusudi. Nilipiga kelele. Nilimwambia ile diploma niliipata kwa kichwa changu na yeye hakuwa na deni kwa mtu yeyote.

Mama alizima pasi. Alipapasa mkunjo mmoja wa kikwembe kwa kidole. Nilifikiri atalia. Nilifikiri atakikunja akirudishe. Aliponitazama hakuwa na hasira na Profesa, wala na mimi.

"Yako ilikuwa imeandikwa, sawa," alisema. "Ya huyu mutoto, nani aliiona?"

Akavaa kikwembe, akafunga kitambaa, akawachukua kuku, akatoka kwenda kwa jirani ambako gari lilikuwa linangoja. Nilimtukana yule Profesa njia yote mpaka kwenye gari, kwa sauti, watu wakigeuka kutazama, na sufuria la samaki nilikuwa nimelibeba mimi.